Majamvi ya Karafuu kwenye Njia ya Malori

Mdogo wangu Bakari alikuwa anaoa Wete, na baba wa bibi harusi, Mzee Hamad, alishatuambia: ndoa inafungwa mara baada ya sala ya Alasiri, maana shehe ana ndoa nyengine Chake. Kwa hiyo tukaondoka Unguja na boti ya asubuhi. Nilikuwa na furaha, lakini roho juu. Msimu wa karafuu malori hupanda vilima vya Pemba kwa kujikokota, na gari zote hujipanga nyuma yao.

Tuliposhuka bandari ya Mkoani, dereva wetu Juma alinitoa wasiwasi. "Pale kilimani, ukishapita Chake, wametanua barabara. Malori yana njia yao ya tatu, sie twapita."

Baada ya Chake tukakikuta kilima, na foleni yake. Njia ya malori ilikuwa imetandikwa majamvi ya karafuu mwanzo hadi mwisho! Malori yamerudi kwenye njia yetu, yanaguna. Nikashuka nimefura.

Mwenye majamvi, Bi Time, alikuwa akizigeuza karafuu zake bila haraka.

"Shikamoo, bibi. Hapa ni pa malori."

"Marahaba, mwanangu. Pa malori? Hino lami mpya yakausha, wallahi! Nkajua tumetandikiwa sie waanikaji."

Hasira zikaniisha, nikacheka. Bakari naye akashuka na joho lake na kilemba.

"Bibi, naenda kuoa, nimechelewa."

Bi Time akapiga vigelegele hadi majirani wakatoka. "Bwana harusi huyu! Shikeni majamvi!"

Tukashika pembe, joho la Bakari likifagia lami, tukayahamishia nje ya mstari mweupe, kwenye ukingo mpana. Lori la kwanza likaingia njia yake, la pili likafuata, foleni ikafunguka. Juma alipiga honi mpaka juu.

Wete, mtaa wa Jadida, tuliingia msikitini sala ya Alasiri ikikimiwa, watu wanajipanga safu. Mzee Hamad alipoushika mkono wa Bakari kumwozesha, alinusa, akatabasamu.

"Wanukia karafuu. Huyu keshakuwa wetu."

Kesho yake tulirudi na bibi harusi. Pale kilimani malori yalikuwa yakipanda kwenye njia yao, gari ndogo zikipita, na majamvi yamejaa ukingoni. Nilikuwa nadhani kuchora mstari kunatosha kuondoa foleni. Kumbe watu wa pale nao wataka kujua wao waanike wapi.

Bi Time akatusimamisha, akamjaza bibi harusi karafuu viganjani.

"Malori yana pao, mie nna pangu," akasema. "Haya, piteni, maharusi!"