Watoto Wawili Katika Kigari cha Pikipiki, Kutoka Mbulu Hadi Katesh

Nilisafiri kwa sababu ya barua. Bi Mwanaidi alikuwa amehamia Katesh na mumewe kufungua duka, akawaacha watoto wake kwa babu yao hapa Mbulu mpaka nyumba iishe kuezekwa. Zainabu alikuwa na miaka minane, Juma minne. Nyumba ilipokwisha, mama yao alimwandikia baba yake, Mzee Athumani, kwamba sasa anawataka.

Mzee Athumani, mfanyabiashara ambaye asili yake ni Kondoa, ndiye aliyekuwa ameniajiri. Lori lake lilikuwa limesimama uani likingoja ekseli kutoka Arusha, na hakuna aliyejua itafika lini. Iliyobaki ni pikipiki yenye kigari cha ubavuni, ile niliyokuwa nikipelekea sukari na mafuta ya taa kwenye maduka ya vijijini. Bi Mwanaidi aliijua, na katika barua hakuzunguka. Mzee alinipa niisome mwenyewe, kwa kuwa miwani yake ilikuwa imevunjika: "Pikipiki naiogopa, baba. Lakini wakiletwa wazima, watakuja kwako kwa njia hiyo hiyo kila baada ya mavuno. Wakifika na jeraha, hawataipanda tena."

Mzee alikunja barua akaitia mfukoni. Mke wake alikuwa amekufa zamani, na kelele zote za nyumba ile zilikuwa za wajukuu wawili.

"Umeelewa, Bura?"

"Nimeelewa, Mzee."

"Basi na mimi usiniletee habari nyingine."

Tuliondoka Mbulu alfajiri, ukungu ukiwa bado umelala mabondeni. Kabla hatujaondoka Mzee alinipa karatasi ya boma, ile iliyoandikwa siku pikipiki ilipokaguliwa. Ilisema kigari ni cha abiria mmoja. Nilimwonyesha mstari huo kwa kidole.

"Hawa wawili ni mtu mmoja," akasema. "Kwenye lori watoto wawili hukaa kiti kimoja na utingo hasemi kitu." Kisha akanipa masharti yake mwenyewe: mtoto asikae juu ya tangi la petroli hata akilia, wasisimame, Zainabu amshike Juma kiunoni, nisishindane na gari lolote. "Na hilo jiwe lisitoke."

Jiwe lilikuwa nusu ya jiwe la kusagia, limelazwa kwenye sakafu ya kigari. Nililikuta hapo nilipoanza kazi. Kwa akili yangu ya darasa la nne nilidhani ni la kuwekea tairi nikisimama mlimani, nami sikuwahi kuuliza. Nilizoea kwenda na kigari kimejaa sukari, na siku za namna hiyo jiwe lilikuwa bughudha tu.

Dongobesh tulifika saa tatu. Nilisimama kwa shangazi yangu, ambaye hufuga punda wa kubebea mahindi ya watu mpaka sokoni. Watoto walimwamkia, akawapa maziwa, kisha akaizunguka pikipiki mara mbili, mikono nyuma.

"Nani amempakia mnyama huyu?"

"Si mnyama, shangazi."

"Kinachobeba mzigo ni mnyama. Tazama. Upande huu kuna watoto, upande ule hakuna kitu. Punda wa namna hii hafiki hata Bashnet, anajilaza njiani."

Nilicheka, lakini maneno yalinikaa. Kwetu mtoto anafundishwa kupakia punda kabla ya kufundishwa kusoma: huku gunia, huku gunia, na ukiona moja linashuka unasimama na kusawazisha. Shangazi alikuwa na nusu gunia la maharage, alitaka niwapelekee wenyeji tutakaolala kwao. Tulilifunga ubavu wa kulia wa pikipiki, mbali na kigari. Halafu Juma akasema magoti yanamuuma kwa ajili ya jiwe.

"Jiwe la nini?" akauliza shangazi.

"La kuzuia tairi mlimani."

"Huko kuteremka Dareda hakuna mawe, mpaka mbebe la kwenu?"

Nikalitoa jiwe nikaliacha karibu na zizi la punda. Juma alinyoosha miguu. Shangazi akasimama mbele ya pikipiki, akafumba jicho moja kama anayepima ukuta, akaridhika.

Kutoka Dongobesh mpaka Bashnet njia ilikuwa nzuri, nayo pikipiki ilikuwa nyepesi mkononi. Zainabu alihesabu ng'ombe, Juma akalala. Mchana tulikula viazi kando ya njia. Kila mtu aliyepita alituamkia, na kila mtoto aliyepita alitaka kupanda. Mimi wakati huo nilikuwa na ndoto ya kuendesha basi la kwenda Arusha, basi langu mwenyewe lenye jina ubavuni, na katika kipande kile niliendesha basi hilo zaidi ya pikipiki.

Saa nane tulianza kuteremka kwenda Dareda. Pale juu nchi inafunguka mara moja, bonde lote liko chini ya miguu, na upande wa kusini mlima Hanang umekaa peke yake na wingu lake. Sikuwahi kuuona kutoka pale. Niliutazama kuliko ilivyonipasa, na mwendo ukaongezeka wenyewe. Ilipokuja kona ya kushoto niliikata kama nilivyozoea kukata kona nikiwa na sukari.

Kigari kiko upande wa kushoto. Nilihisi mkono wangu wa kushoto unapanda. Nilipogeuka, tairi la kigari lilikuwa hewani kiasi cha kupitisha mbuzi chini yake, na Zainabu anapiga kelele kwa furaha:

"Kaka Bura, tunaruka!"

Nilinyoosha usukani nikakamata breki. Kigari kilirudi chini kwa kishindo, lakini kwa kunyoosha nilikuwa nimeiacha kona. Tukavuka njia yote, tukaingia kwenye majani upande wa pili na kusimama tairi la mbele likiwa limegonga lundo la udongo. Mbele ya lundo hilo hapakuwa na kitu isipokuwa vilele vya miti iliyoota chini sana.

Zainabu alikuwa bado amemshika mdogo wake kiunoni. Juma alitazama huku na huku, akafungua mdomo, damu ikatoka. Alikuwa ameuma mdomo wa chini. Ndipo akalia. Nami, sitaficha, nililia kidogo.

Lundo lile la udongo lilikuwa la watu wa barabara. Walikuwa sita na mnyapara wao, mtu mzima wa Bashnet aliyewahi kuendesha pikipiki za jeshi wakati wa vita. Walikuja mbio na majembe. Mmoja alimwosha Juma mdomo kwa maji ya kibuyu, na mnyapara akaizunguka pikipiki kama shangazi alivyoizunguka.

"Shikamoo," nikamwambia.

"Marahaba. Kijana, umepakia pikipiki au umepakia punda?"

"Punda," nikajibu.

Wale watu wa barabara walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Mnyapara hakucheka. Alifungua gunia la maharage, akaliweka chini, akaniambia nikinyanyue kigari, watoto wakiwamo ndani. Kwa mkono mmoja tairi liliachana na ardhi. Akalaza gunia kwenye sakafu ya kigari, akaongeza mawe mawili juu yake.

"Nyanyua sasa."

Nilivuta kwa mikono miwili, halikutoka.

"Ukikata kushoto, kigari kinataka kupanda. Wa kukizuia ni uzito uliomo ndani yake, hakuna mwingine. Watoto si uzito. Na ule mzigo wako wa kulia ulikuwa unasaidia kukiinua. Mwenye chombo hakukupa kitu cha kuweka humu?"

"Alinipa jiwe."

"Liko wapi?"

"Dongobesh."

Mmoja wa wale sita akasema, "Ungemwachia shangazi yako watoto, ukaleta jiwe." Nilishangaa kajuaje habari za shangazi. Kumbe Zainabu alikuwa ameshawasimulia yote.

Kipande kilichobaki cha mteremko tulikwenda hivi: kila kona ya kushoto nilisimama, watoto wakashuka, wakatembea mpaka kona iishe, wakapanda tena. Kona zenyewe zilikuwa kumi na moja. Zainabu alizihesabu kwa sauti kama alivyohesabu ng'ombe. Kwenye ya saba Juma alisahau mdomo wake akaanza kukimbia mbele yangu.

Jioni tulifika Gitting, tukalala kwa mkulima mmoja anayenunua chumvi kwetu. Mkewe alipokea maharage, akachemsha maziwa yakapoa, akamnywesha Juma kwa kijiko. Mdomo ulikuwa umevimba.

"Waambie ameanguka akicheza," akanishauri. "Watoto huanguka. Nani atauliza?"

Alisema kwa huruma. Nilimfikiria Mzee Athumani katika nyumba yake isiyo na kelele, nikaona ni ushauri mzuri.

Asubuhi tuliweka mawe mengine mahali pa maharage, tukaenda mpaka Nangwa. Hapo askari polisi alisimama katikati ya njia, akainua mkono. Alikuwa na sare iliyopigwa pasi vizuri, kalamu sikioni. Aliisoma karatasi ya boma polepole, mpaka chini.

"Abiria mmoja. Hawa ni wangapi?"

"Ni watoto, afande. Wawili ni kama mtu mmoja."

"Wewe dada," akamwuliza Zainabu, "unaitwa nani?"

"Zainabu."

"Na huyu?"

"Juma."

"Kama ni mtu mmoja, mbona ana majina mawili?"

Zainabu alifikiri. "Tunakula sahani moja," akasema.

Askari aligeuza uso upande wa mlima mpaka alipoweza tena kututazama bila kucheka. Kisha akaona mdomo wa Juma.

"Huyu kafanya nini?"

Maneno ya mama wa Gitting yalikuwa tayari ulimini. Lakini Juma alikuwa ananitazama, akingoja nitakavyosema ili naye aseme hivyo hivyo popote atakapoulizwa. Nikamwambia askari yote: jiwe, maharage, kona.

Alinirudishia karatasi. "Kukushitaki sitakushitaki, kwa kuwa umesema," akasema. "Lakini hapa hupiti na wawili. Peleka mmoja, rudi umchukue mwingine. Atakayebaki atakaa na mke wangu."

"Na haya mawe, afande?"

"Mawe hayana majina. Endelea nayo."

Zainabu alibaki Nangwa, akiwa amekwisha pewa kikombe cha uji. Nilimpakia Juma peke yake, katikati ya mawe na blanketi, nikaenda polepole kuliko nilivyowahi kwenda.

Katesh niliingia saa nne. Bi Mwanaidi alikuwa amesimama mlangoni pa duka, nadhani tangu asubuhi. Kwa mbali aliona kigari, akaanza kuja mbio huku kanga ikimdondoka. Alipokaribia akaona mtoto mmoja tu, na mtoto huyo mdomo umevimba. Alisimama. Sikuwahi kuona mtu akisimama namna ile.

"Zainabu yuko wapi?"

"Mzima, Bi Mwanaidi. Yuko Nangwa, anakunywa uji."

"Yuko wapi mwanangu, Bura?"

Nilirudia mara tatu, na mara zote tatu hakusikia. Alisikia Juma aliposema, "Askari alisema tuna majina mawili." Hapo aliketi chini njiani, akamvuta Juma kifuani. Nikaona nisingoje kuulizwa. Nikamweleza kuhusu mdomo, yeye akiwa chini na mimi nimesimama, na watu wa sokoni wakisikiliza. Alimkabidhi mumewe Juma, akaingia kwenye kigari.

"Twende."

Nilikwenda naye Nangwa. Njia nzima alishika ukingo wa kigari kwa mikono miwili, na kila kona ya kushoto alilitazama tairi. Halikupanda.

Zainabu alipomwona mama yake alimwaga uji. Nilipowaacha wakumbatiane mpaka watosheke, ndipo nikakumbuka: wao nao walikuwa wawili. Askari alinitazama, nikamtazama.

"Tutatembea," akasema Bi Mwanaidi bila kumwachia Zainabu mkono.

Wakatembea. Ni mwendo wa nusu siku ukiwa na mtoto. Mimi nilifuata nyuma na kigari chenye mawe. Wafugaji waliokuwa wakileta ng'ombe mnadani walisimama kututazama, mmoja wao akaniuliza mawe hayo ni ya nani hata yapandishwe gari na mama wa watu atembee. Bi Mwanaidi alikuwa wa kwanza kucheka.

Nilirudi Mbulu baada ya siku mbili. Dongobesh nilichukua jiwe, shangazi akasema kwa punda wake bado haoni kosa. Mzee Athumani alinisikiliza mpaka mwisho, ameinamisha kichwa. Sikumletea habari aliyoitaka.

"Nilikuambia lisitoke, sikukuambia kwa nini," akasema.

Kisha akanitoa mpaka uwanja wa nyuma. Akaagiza kigari kiachwe kitupu, akaniambia nizunguke kushoto, niongeze mwendo kidogo kidogo mpaka tairi lipande, nilishushe, nirudie. Nilizunguka mpaka mkono wangu ukajua wenyewe dakika ile kabla ya kupanda. Hilo ndilo nililojifunza katika safari hii, na nililipata nyumbani, uani, baada ya kwenda mpaka Katesh na kurudi.

Mzee aliandika kuwaomba wajukuu, na jibu la Bi Mwanaidi lilikuja mavuno yalipokwisha. Aliandika kwamba alisema wakifika na jeraha hawataipanda tena, na hajasahau. Lakini baba yake ni mmoja. Basi Bura aje, asije mwingine, na achukue mtoto mmoja. Huyo akirudishwa, ndipo mwingine aende. Mzee alipiga hesabu, akaona hatawapata wote wawili mezani kwake kwa pamoja mpaka wakue. Akasema haidhuru.

Nilimleta Zainabu kwanza. Alikaa peke yake katika kigari, jiwe chini ya miguu, na tulipofika Nangwa alikuwa amekwisha choka kunyamaza.

"Kaka Bura, sasa nitaongea na nani mpaka Mbulu?"

Nikazima mashine kila tulipopumzika, tukaongea.