Nilivyokula Kuku wa Ndahani kwa Jina la Joka

Nilikosa mimi, msinitafutie visingizio. Nimelikalia jambo hili miaka mingi, leo nalitapika.

Ilikuwa miaka ya ruksa, mitumba imejaa sokoni. Nilinunua koti pale Dodoma mjini, mfukoni nikakuta karata. Siyo hizi za kopa na shupaza! Zilikuwa na majoka na mashujaa, pamoja na karatasi ya sheria kwa Kiingereza. Kijiweni kwetu Miyuji, aliyemaliza kidato cha nne nilikuwa mimi tu. Basi nikawa hakimu.

Wachezaji wakubwa walikuwa wawili: Hamisi, fundi cherehani wa mtaa wa Kikuyu, na Ndahani, kijana mpole wa Kigogo aliyeishi na mama yake na kuku wao.

Kila karata ilikuwa na bei, nayo unailipa kwa kulaza ubavu karata zako za ardhi. Lakini joka jekundu lilidai gharama ya ziada: juu ya bei hiyo, utoe mnyama wako mmoja.

Maana yake karata ya mnyama iliyoko mezani. Nilielewa vizuri kabisa!

"Mnyama gani, kaka?" Ndahani akaniuliza.

Sijui shetani gani alinipitia. "Wa kwako. Hata kuku anafaa."

Mwenzenu akaondoka, akarudi na tetea kwapani! Kicheko kilinibana, nikajikaza. "Anakabidhiwa msoma sheria," nikasema. Jioni nikamla kwa ugali.

Wiki iliyofuata akaleta jogoo. Safari hii Hamisi akatupa karata ya kuzuia, joka likafa kabla halijatua. Ndahani akaomba arudishiwe jogoo wake. Nikafungua karatasi: "Gharama ikishalipwa hairudi, hata ukizuiwa."

Na hiyo, jamani, ilikuwa sheria ya kweli! Ndiyo maana walizidi kuniamini.

Nikala kuku watano. Watano! Hadi koti likaanza kunibana.

Sasa, Hamisi alikuwa na dada yake, Rehema, mwalimu wa sekondari. Nilikuwa namtaka, tena kwa ndoa. Mjinga mimi, nikamwalika kijiweni aone ninavyoheshimika!

Siku hiyohiyo Ndahani akaja anaburuta mbuzi.

Rehema akaokota karata ya joka, akaisoma, akanitazama. "Hii inasema mnyama wa mezani. Huyu mbuzi ni wa nini?"

Mbuzi tu ndiye aliyejibu.

Ndahani hakunipiga. Laiti angenipiga! Alisema taratibu, "Kaka, yule tetea wa kwanza alikuwa anaatamia." Akavuta kamba ya mbuzi wake, akaenda.

Kesho yake mama yake akafika kwetu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, joka. Chukua fagio, twende."

Nilisafisha banda lake mwezi mzima, watoto wa mtaa wakichungulia na kuniita Joka. Rehema hakupokea tena hata salamu yangu. Nilifuga vifaranga, wakakua, nikampelekea Ndahani kuku watano. Aliwapokea kwa heshima, akanishukuru, akafunga mlango. Kijiweni hakurudi tena.

Enyi mnaowasomea wenzenu barua, mikataba, hata maelekezo ya dawa, someni kilichoandikwa, msiongeze tumbo lenu! Mimi nilipata kuku watano, nikampoteza mtu aliyekuwa tayari kutoa mbuzi kwa sababu tu mimi nimesema.