Nyayo za Mguu Mmoja Msibani Ukweni

Jamani, kuna aibu mtu anaibeba mpaka kaburini, na hii yangu nusura niingie nayo siku ileile, maana kaburi lilikuwa limeshachimbwa.

Chini ya unyayo wangu wa kushoto kulikuwa na doa jeusi. Mimi nikasema ni mwiba (sisi wa Mandewa wenye vishamba vya alizeti, mwiba kwetu ni ndugu), na nikaendelea kusema mwiba hata lilipotanuka likawa na kingo za ovyo ovyo. Asubuhi ya kwenda Shelui kumzika mama mkwe, kiatu kikabana pale pale, basi nikachukua wembe nikalikwangua, nikafunga kitambaa, nikameza dawa za maumivu, safari ikaanza.

Ukweni viatu tulivua mlangoni. Sebuleni mapazia yalikuwa yamefungwa, jeneza liko katikati, kina mama wanaimba kwa sauti ya chini. Nikalizunguka polepole, nikainama kwa heshima, nikaenda kuketi ukutani penye zulia jekundu. Nilihisi unyevunyevu mguuni, nikajua ni jasho.

Kisha wimbo ukaanza kukatika, sauti moja baada ya nyingine, kama watu wanazimwa.

Kwenye sementi kulikuwa na nyayo za damu. Mguu mmoja tu, wa kushoto. Zimetoka mlangoni, zikalizunguka jeneza, zikasimama kichwani pa marehemu, halafu zikapotelea kwenye zulia. Mama mdogo wa mke wangu, bibi mmoja mkali sana, akanong'ona, "Ameamka. Anamtafuta mtu."

Watu walikimbia! Na mimi mkwe mzima, mwenye suti, nikakimbia nao, nikamkumba mchungaji, nikatokea barazani, nikageuka nyuma kutazama, na Mungu wangu, nyayo zinanifuata! Nikaongeza mbio. Nazo zikaongeza.

"Shemeji, simama!" Elia, kaka wa mke wangu, alipiga kelele. "Inua mguu!"

Nikainua. Kitambaa hakipo, damu inachuruzika. Nilidhani watacheka, lakini mama mdogo akasema taratibu, "Kumbe ni wewe. Damu imekutambua." Watu wakarudi nyuma, wakaniacha peke yangu katikati. Ubaridi wa pale sitausahau.

Mke wangu Neema ndiye aliyekuja na beseni. Akaosha, akatazama sana.

"Nini hiki, Baba Joshua?"

"Mwiba."

"Mwiba wa mwaka mzima?"

Tulizika (mimi nikiwa nimesimama mbali kama mtuhumiwa), kesho yake Neema akanipeleka hospitali mjini Singida. Daktari hakuniuliza habari za mizimu. Alipapasa kinenani kutafuta tezi zilizovimba, akakata kipande kikapimwe. Majibu yalipokuja akaniambia ni saratani ya ngozi, ile inayoanzia kwenye chembe za rangi, na kwa watu weusi hupenda kujificha kwenye nyayo na chini ya kucha. "Doa linalokua, linalobadilika, linalotoa damu, halikatwi nyumbani," alisema. "Ulikata juu, lenyewe likabaki." Wakaliondoa na nyama ya pembeni, wakaziba kwa ngozi ya paja. Halikuwa limesambaa, ila mpaka leo narudi kupimwa.

Siku ya kumaliza matanga, ambayo ukweni huja baada ya miezi, nilirudi Shelui nikichechemea. Mama mdogo hakunisalimia mbele za watu. Baadaye akaniita chumbani, akarudishia mlango, nikajua sasa nafukuzwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akaketi kitandani, akavua kandambili, akanyoosha mguu. "Baba, hebu niangalizie na mimi."

Nikapiga magoti. Chini ya kidole gumba palikuwa na weusi. Huenda ni rangi tu, huenda ni mwiba wa kweli. Mimi nimeapa sitakipa tena jina kitu nisichokijua.

"Vaa viatu, mama," nikamwambia. "Twende wote."