Vipimo vya Mke wa Fundi

Shemeji yangu ni mtu wa inchi. Mtaani kwetu wanamwita Bwana Inchi, na jina hilo nilimpa mimi, siku alipofumua suruali ya mteja mara tatu kwa sababu mguu mmoja ulizidi mwenzake kwa robo. Mteja mwenyewe hakuwa ameona, na asingeona hata angeivaa mpaka ichakae. Lakini yeye alikuwa ameona, basi. Duka langu la vifungo, zipu na uzi limepakana na chumba chake cha ushonaji, na nyumba yao iko nyuma ya chumba hicho. Ukuta ni mmoja tena mwembamba, kwa hiyo miaka kumi na minne sasa naisikia cherehani yake kuliko ninavyosikia redio yangu.

Ana daftari kubwa lenye jalada gumu, na kila mteja ana ukurasa wake. Ukishapimwa umepimwa. Mwaka ujao ukirudi hakupimi tena, anafungua ukurasa wako, anakutazama juujuu, anakata kitambaa. Watu hunenepa, watu hukonda, na mara mojamoja nguo hurudishwa. Hapo ndipo husema aliyebadilika ni mteja, daftari halijabadilika. Nimemtania sana kwa hilo, na leo utani wenyewe naujutia.

Mkewe ni dada yangu, ananizidi miaka sita, naye ni mwalimu wa chekechea. Anafundisha kwa gitaa. Kuhesabu, siku za wiki, kunawa mikono, kote huko anapita na gitaa. Jioni akirudi alikuwa akikaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, kabla hajawasha jiko, anapiga nyimbo mbili tatu za watu wazima. Cherehani ya shemeji ilikuwa ikinyamaza muda huo. Hakuwahi kukiri kwamba anasikiliza. Alisema mashine nayo inahitaji kupumzika.

Mwaka jana dada alikatwa titi la kulia. Nalisema hivyo hivyo lilivyo kwa sababu nyumbani kwao hakuna aliyekuwa akilisema. Kwanza iliitwa ile operesheni, halafu ikaitwa lile jambo, halafu haikuitwa kitu tena. Daktari alisema wamewahi, kansa yote imetoka, na kweli kidonda kilipona vizuri. Siku alipolishika gitaa kwa mara ya kwanza baada ya hapo, nilikuwepo. Lilikuwa la zamani, boksi kubwa lenye kingo kali, na ukingo wa juu ukaja kukaa palepale penye kovu. Akapiga kidogo, akalirudisha kwenye mfuko wake, akalipandisha juu ya kabati. Tangu siku hiyo watoto wa chekechea wakawa wanaimba kwa makofi.

Kuna neno aliniambia mimi tu, tukikunja nguo zilizokauka.

"Hajanitazama," alisema. "Tangu nitoke hospitali, nikianza tu kuvua blauzi anakumbuka kitu alichosahau dukani."

Nikamwambia wanaume ni waoga. Akachukua shuka nyingine akakunja, nami nikaona nimejibu upuuzi. Kuanzia hapo nilimchukia shemeji, sitaki kujificha, ingawa vifungo niliendelea kumuuzia kama kawaida.

Basi Jumamosi moja asubuhi akaja dukani kwangu amevaa shati la kutokea. Akasema anakwenda kumnunulia mkewe gitaa, jepesi, la kukaa vizuri mwilini, lenye sauti ya kueleweka. Amegundua kuwa lile la zamani linamuumiza, na nyumba isiyo na gitaa imemshinda kukaa. Maneno hayo ya mwisho aliyasema macho yakiwa kwenye zipu. Nikamuuliza atajuaje kama litamkaa, mwenyewe asipokuwepo. Akanijibu kwamba fundi habahatishi. Akaingia chumbani kwake, akatoka na sanamu.

Ni ile sanamu ya kushonea, isiyo na kichwa wala mikono, inayosimama kwa mguu mmoja wa chuma. Alikuwa ameanza kuijaza pamba tangu alfajiri, akaivika na blauzi ya dada. Vipimo vyote vimetoka kwenye daftari, alisema, kwa fahari kabisa. Akaikumbatia kiunoni akashika njia. Ningefanya nini? Nilifunga duka nikamfuata, maana mtu mzima akipita barabarani na mwanamke asiye na kichwa, angalau awe na shemeji yake ubavuni. Kinyozi wa kona akamuuliza kama ameongeza mke. Muuza viatu akasema huyo amechagua vizuri, hana mdomo. Bwana Inchi hata hakugeuka.

Mwenye duka la magitaa alikuwa mama mmoja mfupi, kucha za mkono wa kulia ndefu, za kushoto zimekatwa zikaisha. Alipoiona sanamu hakucheka. Alivuta kigoda, akaisaidia kukaa sawa, kisha akatueleza bila haraka. Alisema tuangalie unene wa boksi, maana boksi nene humwinua mtu bega akachoka. Tuangalie ukingo, maana ndio unaokutana na mwili. Shingo iwe ya kuenea kiganjani, nyuzi zisiwe juu mno zikakata vidole. Na kuhusu sauti, usiiamini ukiwa umelishika mwenyewe, mwache mwingine apige wewe ukae mbele yake. Tena nyuzi mpya zisitudanganye, kwa kuwa zikiwa mpya kila gitaa hupendeza.

Shemeji alitoa futi mfukoni. Alipima boksi, akapima shingo, akaliegemeza kila gitaa kwenye kifua cha sanamu na kuweka alama ya chaki pale ukingo ulipofika. La kwanza lilijaza chumba kwa sauti, lakini lilikuwa pana, likaipanda sanamu mpaka karibu na shingo. La pili lilikaa vizuri sana, ila sauti yake ilikuwa ya redio iliyofunikwa blanketi. La tatu lilikuwa la mbao nyekundu, kiuno chembamba. Yule mama alipogusa uzi mnene ukalia, ukaendelea kulia, mpaka nikasahau kwamba nimefunga duka langu siku ya biashara. Juu ya sanamu ukingo wake wa juu ulisimama mbali na kifua. Shemeji akapitisha vidole viwili katikati, vikapita bila kugusa. Akatabasamu, na tabasamu lake sikuwa nimeliona kwa mwaka mzima.

"Halitamgusa," akasema.

Hapo ndipo nilipoona. Sanamu ilikuwa na matiti mawili. Gitaa lilikuwa limeegemea titi la kulia, ndilo lililouweka ukingo mbali. Nikafumbua mdomo, nikaufumba. Nilimwonea haya yule mama, nikamwonea huruma shemeji na tabasamu lake, na kwa sababu hizo mbili dhaifu nikamwacha dada yangu peke yake. Mwenye duka akauliza mwenyewe atakuja lini kulijaribu. Shemeji akasema mwenyewe ndiye huyu, vipimo ni vyake. Yule mama akaitazama sanamu, akanitazama na mimi, kisha akasema lisipomfaa tulirudishe ndani ya wiki, lisiwe na mkwaruzo.

Dada alilipokea kwa mikono miwili. Alifurahi, macho yakamlowa, akakaa kwenye ngazi yake ya nyuma na kulipakata. Akalivuta karibu. Likamwingia kifuani, kwa kuwa hapakuwa na kitu cha kulizuia, na ukingo ukalala kwenye kovu. Niliuona uso wake ukikaza kisha ukijilegeza kwa nguvu. Alipiga wimbo mzima, bega limepinda. Akasema asante, limemkaa vizuri.

Sasa, Bwana Inchi ana mapungufu yake, lakini kuna kitu kimoja huwezi kumficha. Miaka yote hiyo amewasikia wateja wakisema nguo imewakaa vizuri huku wameinua bega moja. Akamsogelea.

"Linakubana."

"Halinibani."

"Mwalimu, linakubana. Na mimi nimepima. Nimepima mwenyewe, kwa daftari."

"Daftari la lini?" dada akamuuliza.

Akaenda kulileta, maana huo ndio ubishi anaoujua. Akafungua ukurasa wa mkewe akauweka mezani. Tarehe ilikuwa ya miaka saba nyuma. Dada aliusoma taratibu. Kisha akaingiza mkono ndani ya gauni, gauni aliloshonewa na shemeji mwezi uliopita, akatoa kitambaa kilichokunjwa na kushonwa pembeni, kipande cha mabaki kutoka chini ya meza ya fundi mwenyewe ya kukatia. Akakiweka juu ya ukurasa. Upande wa kulia wa gauni ukaanguka, ukabaki umenywea.

"Hiki ndicho ulichokishonea mwaka mzima, fundi," akasema. "Mimi hujanishonea hata nguo moja."

Hakusema kwa hasira, na ndiyo maana ilikuwa nzito. Shemeji alikitazama kile kitambaa. Alikijua, nilimwona akikijua, alikumbuka hata kilibaki kwenye nguo ya nani. Nilitaka kuondoka, nikasimama, lakini akaniita kabla sijafika mlangoni. Huwa anapima akitaja namba kwa sauti, mwingine anaandika, na siku zote dada ndiye aliyekuwa akimwandikia.

"Shemeji, shika kalamu. Utaniandikia."

Wakaingia chumbani, pazia likashuka. Nilikaa mezani na ukurasa mweupe. Nikasikia zipu, ya kwangu ile, niliyomuuzia mwenyewe. Kikafuata kimya kirefu kuliko vyote nilivyowahi kusikia kupitia ukuta wowote. Kisha dada akasema, "Tazama tu. Haling'ati." Na shemeji akalia. Alilia kwa sauti, bila kujizuia, naye dada akawa anamwambia basi, basi, kama anavyowaambia watoto wa chekechea. Mimi huku nje nililowesha kona ya daftari lake, na kona hiyo mpaka leo imejikunja.

Baadaye akakohoa, akaanza.

"Bega, kumi na tano."

Nikaandika.

"Kifua, thelathini na sita na nusu." Palipokuwa na thelathini na nane. Nikaandika. "Bega mpaka kovu, saba na robo." Nikaandika. "Kovu lenyewe, sita kasorobo."

Nikaandika kasorobo yake. Mtu mwingine angesema sita.

Jumanne tulilirudisha lile jekundu kwenye duka la magitaa, dada akiwa mbele, sanamu imebaki nyumbani. Yule mama alipomwona alikwenda moja kwa moja nyuma akaleta gitaa ambalo hakutuonyesha mara ya kwanza. Lilikuwa dogo, rangi ya chai ya maziwa, limekwaruzwa chini, na ukingo wake wa juu ulikuwa umeparwa ukawa mviringo. Dada alikaa, akalivuta kifuani, akangoja. Bega halikupanda. Akampa yule mama apige, akasikiliza kwa mbele kama tulivyoelekezwa siku ile, kisha akalitwaa akapiga uzi mnene peke yake. Akafanya hivyo mara tatu au nne, mkono wa kushoto akiuondoa kwenye shingo na kuuweka kwenye kovu.

"Huu uzi unasikika mpaka huku," akasema. "Nilidhani huku hakuna kitu tena."

Shemeji aliuliza kama inauma. Dada akasema haiumi, inatetemeka tu, na akamchukua mkono akauweka hapo, mbele ya mwenye duka na mbele yangu, akaupiga ule uzi tena. Bwana Inchi hakukumbuka kitu chochote alichosahau dukani.

Jioni sasa gitaa linalia kwenye ngazi ya nyuma na cherehani inanyamaza. Kile kitambaa ninacho mimi, nafutia kioo cha kabati la vifungo. Sanamu imerudi dirishani pake, na upande wa kulia shemeji ameutoa pamba, akaushona bapa kwa mkono. Wiki iliyopita mteja mmoja, mwanamke mwenye haraka zake, alimwambia sanamu yake imeharibika upande mmoja. Nilikuwa mlangoni kwangu, nikasikia cherehani ikisimama.

"Haijaharibika, mama," akamjibu. "Huyo ni mke wangu."