Lori la Kabati: Mama Vifaranga Amsaka Fundi Aliyeunda Bodi

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, Mama Vifaranga anapandisha maboksi ya mwisho kwenye lori alilorithi kwa baba yake. Ndani wamo vifaranga elfu mbili wa siku moja, na kelele yao ni ya soko zima. Anapenyeza mkono katikati ya vibao, anapima joto, anautoa. Haipiti dakika moja anaupenyeza tena.

Lori limemzidi umri mwenye nalo. Watu wanaliita Kabati, na ukiliona huwezi kuwalaumu: bodi ni ya mbao tupu, ina milango miwili ubavuni, na kuta zake ni vibao vyembamba vilivyolazwa mshazari. Hewa inapita, mvua haiingii.

Siku tisa zilizopita, mkaguzi wa magari alilizunguka mara mbili, kisha akafungua kadi ya gari. Kadi inasema bodi wazi, na hii imefunikwa. Akampa hadi Ijumaa alete maandishi ya fundi aliyeiunda bodi hii, la sivyo ing'olewe.

"Tangu siku ile sijalala vizuri," anasema. "Vifaranga hawasafiri chini ya turubai. Nilijaribu mara moja, kwa lori la kuazima. Walikufa mia tatu kabla sijafika."

Ana watoto watatu shuleni na hana kazi nyingine.

Akaanza kuulizia. Fundi wa kwanza alimwambia lori lilibeba wafungwa. Wa pili, bila hata kuinuka kitini, akasema maiti. Hilo lilimkosesha raha kabisa. Marehemu baba yake, msemaji wa kila jambo, hakuwahi kutamka neno juu ya bodi ile, na sasa binti akaanza kujiuliza mzee alikuwa anaficha nini.

Wa tatu, seremala, ndiye aliyejisumbua kuinama kwenye kona ya nyuma. Hakukuta msumari hata mmoja. Mbao zimeshikana kwa vigingi vya mti. Alimjua mtu mmoja tu aliyefanya kazi hivyo, mzee aliyestaafu na kuwaachia karakana wanawe wawili.

Mzee huyo, wanayemwita Patasi, alimkaribisha vizuri mpaka alipolichungulia lori dirishani. Akasema halijui. Mama Vifaranga akaaga, na alikuwa ameshafika mlangoni mzee alipomwita arudi akae.

Zamani zile, alieleza, kila lori lililoingia karakanani lilikatiwa ufito wa urefu wake, ukaegemezwa ukutani, na fundi akapimia huo. Mwoka mikate mmoja aliagiza bodi ya vibao. Baba yake Mama Vifaranga aliagiza bodi wazi ya kubebea mchanga, na kadi yake ikaandikwa hivyo. Alipounda ile ya mikate, Patasi akashika ufito wa lori la mchanga. Bodi ya mikate ilipokamilika, ililizidi gari la mwoka mikate kwa mkono mzima. Pale karakanani ilienea kwenye lori moja tu.

"Baba yako angeweza kunitangaza mji mzima," alimwambia. "Nilikuwa ndiyo kwanza nimefungua. Akaichukua, akaacha mchanga, akaanza kubeba kuku. Akanisitiri mpaka anaingia kaburini. Na mimi wanangu nimewalea nikiwaambia sijawahi kukosea kipimo."

Mama Vifaranga alikwenda kuomba barua; hakwenda kumwaibisha mtu mzima mbele ya wanawe. Mzee akamwomba siku mbili.

Zilikuwa ndefu. Simu ikilia, anaikimbilia.

Jana mchana akaitwa karakanani. Mashine zilikuwa zimezimwa na wale wana wawili wamesimama, ilionekana wameshaambiwa. Mkono wa mzee siku hizi unatetemeka, hivyo mwanawe mkubwa alimshikilia karatasi huku baba akiandika.

Kesho saa tatu asubuhi Mama Vifaranga anarudi kwa mkaguzi. Hana hakika kama barua itatosha, na anauliza kila anayekutana naye, hata mwandishi huyu, anaonaje. Ikikubaliwa, anataka kadi ibadilishwe, kisha aongeze safari ya nne kwa wiki.

Barua ni ya mistari mitatu. Wa mwisho unasema: "Kosa lilikuwa langu. Mwenye gari hakukosea kitu."

"Nimewatolea nakala," anasema. "Hii yenyewe, hata wakiitaka, siwapi."