Kesi ya Rimoti ya Saluni

Mama mdogo wangu ni msusi, ingawa ukimuuliza mwenyewe atakuambia yeye ni hakimu, kusuka ni jambo analolifanya ili mikono isikae bure. Ana saluni ya chumba kimoja yenye kioo kirefu, benchi la wateja, vigoda viwili na mashine ya kukaushia nywele iliyokufa zamani, ambayo hataki kuitupa kwa sababu anadai inaipa saluni heshima. Televisheni ameitundika juu kabisa, karibu na dari, ili kila mtu aione. Matokeo yake wateja wanatoka pale na shingo zinauma, naye anawaambia hayo ni maumivu ya msuko mzuri.

Hafanyi kazi peke yake. Mwenzake ni dada wa mumewe, ambaye sote tunamwita Wifi, hata wateja wasio na undugu naye wa karibu wala wa mbali. Wawili hawa husuka kichwa kimoja kwa pamoja, mmoja kulia, mwingine kushoto, na ndiyo maana watu wenye haraka hawaendi kwingine. Wamesuka hivyo tangu mimi ni mtoto wa kushikwa mkono. Wakiwa na ugomvi wa nyumbani huumaliza papo hapo juu ya kichwa cha mtu, na mwenye kichwa hunyamaza kama hayupo.

Mimi nafanya kazi zamu ya asubuhi kwenye kiwanda cha maji ya chupa. Mchana napita saluni, nachambua rasta za kusukia, nakunywa chai yao. Kwa hiyo haya niliyaona kwa macho yangu, na anayesema natia chumvi aje tuonane.

Yote yaliletwa na tamthilia ya polisi iliyokuwa ikionyeshwa kila mchana. Shujaa wake, kama ni shujaa, alikuwa mpelelezi mmoja asiyevua koti hata jua liwake vipi, na saluni nzima ikampa jina la Koti. Koti alijua fika kwamba mwenye bucha ndiye aliyemuua mshirika wake wa biashara. Alijua, lakini ushahidi hakuwa nao. Basi akatafuta kisu kinachofanana na kile kilichoua, akakipaka damu, akakitia kwenye buti ya gari la mwenye bucha, kisha akaja na polisi wenzake kukikuta, akajifanya kushangaa kuliko wote.

Siku hiyo saluni iligawanyika. Mama mdogo akasema Koti amefanya vyema, muuaji ni muuaji, kisu kiwe cha kweli, kiwe cha kuazima. Mwalimu mstaafu, mama ambaye nywele zake ni fupi kiasi kwamba hakuna cha kusuka lakini hakosi hata siku moja, akasema mpelelezi yule anastahili nishani. Muuza vipuri vya pikipiki wa duka la jirani akaunga mkono. Huyo husimama mlangoni ili ionekane anapita tu, na hupita hivyo saa nzima. Wifi peke yake ndiye aliyesimama na mwenye bucha. Hakusema kwamba hana hatia. Alisema tu kuwa watu wakishazoea kuwekeana visu kwenye magari, mwenye gari utalala vipi. Mama mdogo akamuuliza tangu lini ana gari.

Haikupita muda rimoti ikaanza kupotea. Vitufe vya televisheni yenyewe vilishakufa, kwa hiyo bila rimoti hakuna kubadilisha chaneli, na chaneli iliyokuwa ikibaki ni ya ufugaji, ambapo bwana mmoja mpole alikuwa akifundisha namna ya kutunza sungura. Saa ya Koti ikifika, rimoti haionekani. Koti akimaliza, rimoti hiyo hapo, kwenye rafu ya mafuta ya nywele, imetulia kana kwamba haijaenda popote. Tukawa tunatazama sungura. Mwanzoni watu walinung'unika, kisha wakazoea, kisha muuza vipuri akaanza kumshuku bwana wa sungura. Alisema mtu hawezi kutabasamu kiasi kile kama hana anachoficha. Mwalimu akamtetea, akasema huenda nyumbani kwake kuna amani. Wakabishana kama sungura wale wamepatikana kihalali au la, mpaka jua likapoa.

Mama mdogo hakucheka. Alilivalia njuga jambo hilo, akaapa mbele ya wateja wote kwamba atakayepatikana na rimoti, awe nani, hatashika tena kitana ndani ya saluni yake. Mimi nilishtuka. Walioshika vitana mle ndani walikuwa wawili tu, na mmoja ndiye huyo aliyekuwa akiapa. Na si kwamba angekosa mtu wa kumweka. Karibuni alikuwa amekuja binti mmoja kuomba kazi, akapewa kichwa cha majaribio, vidole vikapita juu yake kama cherehani. Mama mdogo akamwambia atafikiria. Tangu hapo binti yule alikuwa akipita kila mchana kusalimia, na salamu zake zilikuwa ndefu.

Upelelezi ukaanza. Mama mdogo aliwahoji wateja huku akiwasuka, na mshukiwa aliyeshikwa nywele hana pa kukimbilia. Karani mmoja wa posta alikiri mambo ambayo hakuna aliyemuuliza, yanayomhusu mume wa mtu, ila rimoti hakujua iliko. Mwishowe Mama mdogo akaniita uani, pale wanapoanika taulo, akaniambia mwizi ni Wifi. Nikamuuliza ushahidi uko wapi. Akasema Wifi ndiye pekee asiyelalamika. Anawatazama sungura kwa raha zake. Tena majuzi alimsikia akimwonya mteja kwamba sungura hapewi kabichi nyingi, na mtu asiye na hatia angeyajulia wapi mambo ya kabichi.

Alishapekua kila pembe asione kitu, na hapo ndipo alipopotoka. Kesho yake nilimkuta ametia mkono kwenye mkoba wa Wifi, Wifi mwenyewe yuko nje anachota maji, na mkono huo umeshika rimoti. Nikafurahi, nikadhani ameipata.

"Sijaipata," akaninong'oneza. "Hii nimeinunua. Lakini aliyeficha ile nyingine ni yeye, najua mimi. Sasa ikikutwa kwake kuna ubaya gani?"

Nilitaka kumweleza ubaya uliopo, lakini Wifi alikuwa amesharudi na ndoo yake. Hawa ni watu walioleleana watoto, waliouguzana, na leo mmoja anataka kumfukuza mwenzake kwa ajili ya Koti, mtu ambaye hata lile koti si lake, ni la waliomwajiri kuigiza. Nilikasirika hata chai nikaiacha.

Siku hiyo ilikuwa zamu ya kichwa changu. Walishanifumua na kuniosha, nywele zimesimama kila upande, naona aibu hata kujitazama. Saluni ilikuwa imejaa. Mama mdogo akasimama katikati ya chumba akatangaza mikoba yote ifunguliwe, na ili asionekane mwonevu akaanza na wa kwake. Muuza vipuri, ambaye hana mkoba, akageuza mifuko ya suruali bila kuombwa. Karani wa posta akaomba wake uangaliwe kwa staha. Ukafika mkoba wa Wifi. Mlikuwa na leso, peremende, kopo la dawa ya kuchua viungo, na rimoti.

Wifi aliitazama ile rimoti kama mtu aliyekuta mtoto wa jirani amelala kitandani mwake. Mama mdogo akainyanyua watu waione, akaielekeza kwenye televisheni, akabonyeza kwa mbwembwe. Bwana wa sungura akaendelea kuzungumza. Akabonyeza tena. Akapanda juu ya kigoda, akaisogeza mpaka ikakaribia kugusa kioo cha televisheni, akabonyeza vitufe vyote kimoja kimoja. Bwana wa sungura akamnyanyua sungura mmoja mnene akatuonyesha meno yake.

Mwalimu akaiomba, akavaa miwani. Akaigeuzageuza, akasema mbona hii bado ina nailoni yake ya dukani, na tena ni ya televisheni ya aina nyingine kabisa. Muuza vipuri, bila nia mbaya yoyote, akasema hata yeye alikuwa anashangaa, maana jana alimwona Mama mdogo kwa fundi redio akinunua moja kama hiyo hiyo.

Kesi ikageuka hapo hapo. Wale wale waliokuwa wakimpigia Koti makofi wakamtolea macho Mama mdogo. Mwalimu wa nishani akasema katika umri wake wote hajaona unyama kama huu, kumbambikia mtu kesi mchana kweupe. Nikamkumbusha kisu cha kwenye buti. Akasema kile kilikuwa kisu, hii ni rimoti, nisichanganye mambo. Muuza vipuri akaingia ndani kabisa kwa mara ya kwanza, ili aonekane yuko upande wa haki. Wakamwachia Wifi huru kwa kauli moja, na karani wa posta akampa soda ya pole. Mama mdogo akajikalisha kwenye benchi la wateja, uso umemshuka, nami nikamhurumia na kumkasirikia kwa pamoja.

Wifi hakuigusa soda. Alikwenda kwenye ile mashine ya kukaushia nywele iliyokufa, akaingiza mkono ndani ya kofia ya mashine hiyo, akatoa rimoti ya kweli na kuiweka mezani.

"Nilichukua mimi," akasema. "Kila siku ni mimi."

Sasa hakuna aliyejua ashike upande upi. Muuza vipuri akarudi mlangoni, ambako tayari yule binti alikuwa amefika na kukatisha salamu zake njiani. Mama mdogo akainuka kwa ushindi, akaanza kusema si mnaona, kisha akaona Wifi anavikanda vidole vyake, akaacha. Akamuuliza kwa nini.

"Koti akianza kufukuza watu, mikono yako nayo inakimbia," Wifi akasema. "Hujioni tu. Vidole vyangu mimi havikimbii tena, wifi. Asubuhi hata kukunjika havitaki. Upande wangu unabaki nyuma, mteja anajitazama kwenye kioo, na huyu binti yuko hapo mlangoni. Lakini ukitazama sungura unasuka polepole. Tunamaliza pamoja."

"Si ungeniambia."

"Ningekuambia, ungefanyaje?"

Mama mdogo akawatazama wateja. Alikuwa ameapa mbele za watu, na watu wenyewe ndio hao, wamekaa wanasubiri, hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba ana kwake. Mwalimu akakohoa kidogo akataja habari ya kiapo. Mama mdogo akamuuliza kiapo gani, kisha akamkazia macho mpaka Mwalimu mwenyewe akasahau. Akamgeukia binti wa mlangoni, akamwambia kwa upole kwamba hapa vigoda ni viwili na vina watu, ila mtaa wa pili wanatafuta msusi, awahi kabla hawajafunga. Binti akashukuru akaondoka.

Saa ya Koti ilikuwa imefika. Rimoti ilikuwa pale pale mezani, kila mtu anaiona, na hakuna aliyenyoosha mkono. Mama mdogo akanishika bega akanikalisha chini, akanisukuma kichwa mbele, akachukua kitana cha mkia kunigawa nywele. Nilisikia ncha yake ikipita kichwani, na haikupita katikati. Ilipita kando sana, upande wa Wifi, karibu na sikio, ikamwachia mahali pa mistari michache tu. Kichwa chote kilichobaki kilikuwa cha Mama mdogo.

Wifi akaitazama njia ile kwenye kioo.

"Umepinda, wifi," akasema.

"Sijapinda mimi. Kichwa cha huyu mtoto ndicho kilichopinda. Kimeinamia upande toka azaliwe, mama yake aliona haya tu kusema."

Saluni nzima ikanitazama kichwa. Mwalimu akasogea na miwani yake, akanizunguka, akasema ni kweli, kimelala kidogo. Muuza vipuri akathibitisha kutoka mlangoni kwamba hata yeye amekuwa akikiona hivyo siku nyingi, hakutaka tu kuniudhi. Karani wa posta akasema alikuwa na binamu wa namna hiyo, na akapata mchumba vizuri tu. Wifi alikuwa ananiangalia mimi ndani ya kioo, ameviweka vile vidole vyake mapajani, anasubiri.

Kichwa changu kimenyooka. Sijawahi kukitilia shaka maisha yangu yote.

"Ni kweli, Wifi," nikamwambia. "Kimepinda."

Wifi akavuta kigoda chake, akakaa, akaanza kusuka.