Fundi Aliyeitwa Pua

Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye kitambulisho. Gerejini, na mitaa yote ya jirani, aliitwa Pua, kwa sababu aliujua ugonjwa wa gari kabla boneti haijafunguliwa. Gari likiingia getini alisimama kando, akavuta pumzi kidogo, akasema klachi imeungua, au mafuta ya injini yanadondokea bomba la moshi, na mwenye gari akabaki mdomo wazi. Watu walisema kama angekuwa mbwa wa polisi, angeshastaafu na nishani.

Asichokijua mtu ni kwamba pua ile ilikuwa imekufa. Yalikuja mafua yenye homa kali. Mafua yakaondoka, harufu haikurudi. Aliligundua hilo jikoni. Alikuwa amekaa karibu na jiko akisoma gazeti, mkewe akaingia mbio kutoka uani na kukuta sufuria imeungua hadi chini.

"Wewe, umekaa hapa na nyumba nzima inanuka?"

Akajibu kwamba alikuwa na mawazo. Halikuwa jibu la uongo kabisa. Mawazo yalianza dakika ile.

Tangu hapo akawa anaishi kwa ujanja. Gari likija, alimhoji mwenye gari, akagusa, akasikiliza, akatazama rangi ya moshi. Mara nyingi alipatia. Lakini kila alipoinama na kunusa mbele ya watu, alijiona kama kiziwi anayecheka kwa kuwa wenzake wamecheka.

Ndipo mkwewe alipoleta gari lake la mashindano. Alikuwa kijana wa maneno mengi na mkono mwepesi kwenye usukani, na msomaji wake wa njia, anayekaa kiti cha pembeni, alikuwa mkewe mwenyewe, yaani binti pekee wa Pua. Alitaka gari liachane na petroli, litumie ethanoli, ile spiriti ya miwa, kwa kuwa inapoza injini na kuiongezea nguvu.

"Gari litalewa kabla ya dereva," mafundi walitania.

Kazi yenyewe haikuwa ya mzaha. Injini hunywa ethanoli nyingi kuliko petroli, basi pampu ya zamani ilitolewa ikaingia kubwa, na nozeli, zile zinazopulizia mafuta ndani ya injini, zikabadilishwa. Mipira ya mafuta, ambayo spiriti ingeitafuna polepole, iling'olewa yote kuanzia tangi hadi injini, ikawekwa mingine. Pua alifanya kila kitu kwa mkono wake. Alipofika mwisho wa bomba la nozeli akakuta pakiti ya oringi mpya, vile vipete vya mpira vya kuzibia viungo, imepungukiwa na kimoja. Akakitazama cha zamani. Kilionekana kizima. Akakirudisha.

Asubuhi ya kulijaribu gari, ethanoli ilikuwa imeshalala ndani yake tangu juzi. Mkwe alivaa helmeti mapema, kama mtoto aliyenunuliwa viatu. Pampu ikawashwa, injini ikiwa bado kimya. Sindano ya mita ya presha ikapanda. Pampu ilipozimwa, sindano ikatulia kidogo, halafu ikaanza kushuka taratibu, kama mtu anayesinzia.

"Inashuka," alisema Pua. "Huenda panavuja."

"Mita yenyewe ya kuazima hiyo, mzee. Nusa wewe tumalize. Mita inadanganya, pua haidanganyi."

Mafundi wakasogea kumtazama mzee wao akifanya lile jambo lake. Pua akainama juu ya injini. Akavuta pumzi, akavuta tena. Ilikuwa kama kubisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa.

"Iko sawa," alisema.

Neno lilitoka jepesi kuliko alivyotegemea. Mkwe akapanda. Binti akazunguka upande wa pili, akakaa, akaanza kujifunga mikanda. Wa bega la kushoto ukamshinda, akamtazama baba yake dirishani, kama alivyokuwa akimtazama zamani vifungo vya sare ya shule vilipomgomea. Pua akaingiza mkono, akaushika mkanda, na mkono ukakataa kuufunga.

"Shuka, mwanangu."

"Kuna nini, baba?"

"Shuka kwanza. Na wewe mkwe, usiwashe kitu." Akautoa mkono dirishani. "Sinusi. Tangu yale mafua sijanusa chochote. Nimewadanganya."

Fundi mmoja alianza kucheka akidhani ni utani, akaishia njiani.

Ethanoli inapokauka huacha ubaridi. Pua alipitisha mgongo wa kiganja kwenye viungo, kimoja baada ya kingine, mpaka mwisho wa bomba la nozeli. Hapo palikuwa pa baridi. Binti akainama kando yake.

"Panatoa harufu ya ile pamba ya kabla ya sindano," alisema kwa sauti ndogo.

Walipokifungua kiungo, oringi ya zamani ilikuwa imevimba na kulegea. Chini yake, karibu kabisa, lilipita bomba la moshi, ambalo gari likikimbia huwa jekundu.

Mkwe hakufoka, na hilo lilikuwa zito zaidi. Alimtazama mkewe, akaitazama oringi, akatoa simu na kuita gari la kukokota.

"Si kwamba nakudharau, baba. Nataka tu fundi mwingine alipitie."

"Ni haki yako."

Gari likatoka getini likiburutwa. Mafundi wakarudi kwenye kazi zao, kila mmoja ghafla ana shughuli. Aliyetaka spana aliomba, "Mzee, nisaidie hiyo." Lile jina halikumtoka mtu.

Binti alikuwa amebaki.

"Mama anajua?"

"Hajui."

"Basi mwambie wewe, kabla mkweo hajamwambia. Twende wote."

Hakumlaumu, wala hakumwambia kwamba si kitu.

Pua alikwenda kwenye bomba la maji nyuma ya gereji, akanawa mikono kwa sabuni ya unga, akasugua hadi viwikoni. Kisha akainyoosha mbele ya binti yake.

"Bado inanuka?"

Binti akaisogelea.

"Bado, baba."

Akafungua maji tena.